Nakataa kwa dhamira au kwa woga?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 32, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Ni mhandisi wa programu hapa Dar es Salaam. Nimekaa miaka saba kwenye kampuni inayounganisha wafanyabiashara na mitandao ya simu. Mteja akibonyeza kulipa, fedha zinatoka kwenye salio lake na muuzaji anapata taarifa. Kazi yangu iko hapo katikati, kuhakikisha hakuna kinachopotea njiani.

Kila Desemba tunajaza fomu ya kujitathmini, alama 1 mpaka 5. Miaka yote saba nimejipa 3. Mara ya mwisho nilikuwa na sababu ya kujipa zaidi, naomba nikueleze.

Siku ya mishahara, mwezi wa nane, mtandao mmoja wa simu ulikuwa mzito. Mfumo wetu ulikuwa ukituma ombi la malipo, unasubiri sekunde 30, usipojibiwa unatuma tena. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa limeshafika na limeshakubaliwa, jibu ndilo lililochelewa. Watu wakawa wanakatwa mara mbili. Niliona saa 3 usiku nikiwa nyumbani. Nikazima ile tabia ya kutuma tena, kisha nikakaa sebuleni mpaka saa 10 alfajiri nikilinganisha kumbukumbu zetu na za mtandao wa simu, muamala mmoja baada ya mwingine. Nikapata watu 340 wa kurudishiwa fedha. Wiki mbili zilizofuata niliiandika upya sehemu hiyo, kila malipo yakawa na namba yake moja isiyobadilika, ili hata ombi likienda mara kumi, mfumo wa upande wa pili utambue kuwa ni malipo yaleyale. Tatizo halijarudi. Mume wangu aliponikuta sebuleni alfajiri nilimwambia kazi imechelewa kidogo.

Kwenye fomu niliandika: "Nilishiriki kutatua tatizo la miamala." Shangazi, nilishiriki na nani? Nilikuwa peke yangu.

Kijana tuliyempokea miaka mitatu iliyopita, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha, alijipa 5 na sasa ni mhandisi mwandamizi. Sina kinyongo naye, anajituma. Lakini nilipomuuliza bosi kuhusu mimi, alinijibu, "Hujaonyesha ukuaji." Nikijiangalia naona huenda ana haki. Vijana wanatumia akili mnemba kuandika kwa saa moja kitu kinachonichukua siku nzima. Wakitaja mambo mapya kwenye vikao nanyamaza. Kila siku naenda kazini nikihisi leo ndiyo watagundua kwamba sijui.

Mwezi uliopita kampuni ya mikopo ya simu ilinitafuta. Cheo ni mhandisi mwandamizi, mshahara shilingi milioni 4.2. Sasa napata milioni 2.3. Usaili wa kwanza nilipita. Wa pili wakanieleza kazi yenyewe: kujenga sehemu ya ukusanyaji wa madeni. Programu yao inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, watu wake wanatumiwa ujumbe. Niliuliza mbona siioni Google Play. Wakasema mteja anatumiwa kiungo anapakua mwenyewe, "ni rahisi zaidi".

Mwaka juzi nilipokea ujumbe wa aina hiyo kuhusu msusi wangu. Ulisema mimi ni mdhamini wake, nimwambie alipe la sivyo hatua zitachukuliwa. Sijawahi kumdhamini mtu. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake kwa ajili ya kupanga siku ya kusuka. Niliona aibu kwa niaba yake, sikujua nitamtazamaje usoni, nikahamia saluni nyingine.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili na ada iko juu yangu. Kaka yangu anasema niingie niwabadilishe nikiwa ndani. Mume wangu aliniuliza swali moja tu: "Ungekuwa na hakika na uwezo wako, ungesita hivi?" Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu kila nafasi kubwa niliyowahi kuitiwa nilipata sababu nzuri ya kuikataa. Nilipoombwa kuongoza timu nilisema mtoto bado mchanga. Nilipoitwa usaili Nairobi nilisema ni mbali. Safari hii sababu yangu ni dhamira, au ni woga uliovaa kanzu ya dhamira? Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Ninayejipa 3, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijawa mnasihi nilifanya kazi benki miaka 14, idara ya usuluhishi wa hesabu. Kwa hiyo wale watu wako 340 nawafahamu. Niliwaona kaunta mara nyingi, simu mkononi, wananyoosha kioo ili mtu asome ujumbe wenyewe. Anayekatwa mara mbili siku ya mshahara ni mtu ambaye fedha hiyo ya pili alikuwa ameshaipangia kazi: kodi ya chumba, dawa ya mzee, nauli ya wiki. Tulikuwa tunamwambia asubiri siku saba za kazi. Wa kwako walirudishiwa kabla hawajapata muda wa kupanga foleni, na hawatajua ni nani aliyekesha. Ndiyo maana nilipofika kwenye hilo neno lako "nilishiriki" niliiweka barua chini kidogo.

Unaniuliza kama kukataa kwako ni dhamira au woga. Nadhani umefunga mambo matatu kwenye fundo moja: alama unayojipa, cheo ambacho hukupewa, na kazi ambayo sasa umepewa. Yanagusana, lakini kila moja lina jibu lake. Ukiyavuta yote kwa pamoja fundo linazidi kukaza.

Nianze na ile 3. Umeichukulia kama unyenyekevu, labda hata kama ukweli. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Justin Kruger na David Dunning, waliwapima watu kwenye mantiki, sarufi na mambo mengine, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Habari iliyosambaa ni kwamba walioshika mkia walijiona wako juu ya wastani. Nusu ya pili ya habari haisemwi sana: walioongoza walijishusha. Jambo lilikuwa jepesi kwao, wakadhani ni jepesi kwa kila mtu. Nilipoisoma simulizi yako ya usiku ule niliona kitu hicho. Umeieleza kwa sentensi chache, kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha chai. Kuona tatizo kabla ya lalamiko la kwanza, kujua nini kizimwe na nini kiachwe, kisha kutorudi kulala mpaka kila mtu apatikane, mwanangu, nimefanya kazi na watu wenye vyeo vikubwa ambao wasingelijua hata pa kuanzia.

Ile hofu kwamba leo watagundua hujui, nayo ina historia. Wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandika mwaka 1978, baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi ambao bado walijiona kama wamepenya kwa bahati. Nakutajia ujue kwamba hukuizua wewe. Sitaki uichukue kama ugonjwa uliopimwa na kuthibitishwa, kwa sababu ndani ya hofu yako kuna sehemu nyingine ambayo ni taarifa halali. Kama kweli miaka kadhaa hujajifunza zana mpya, hilo ni jambo la kufanyia kazi, na linafanyika. Akili mnemba unaweza kujifunza kuitumia, tena pengine haraka kuliko unavyofikiri. Itakuandikia ile sehemu ya kutuma ombi upya kwa dakika moja. Kisha lazima awepo mtu wa kuuliza, "Je, kama jibu halikupotea, limechelewa tu?" Swali hilo umelilipia kwa usiku mmoja wa sebuleni. Umeandika kana kwamba kasi na ukuaji ni kitu kimoja. Una uhakika?

Sasa bosi wako. Sentensi yake ilikuumiza, na sishangai. Lakini isome tena polepole. Alisema "hujaonyesha". Inawezekana ni mtu asiyetazama, na hilo ni kosa lake, maana kiongozi anatakiwa kujua nani alikesha mfumo ulipoyumba. Inawezekana pia kwamba mezani kwake alikuwa na karatasi mbili, moja imeandikwa 5 na maelezo kamili, nyingine 3 na neno "nilishiriki". Wengi wetu, hasa mabinti, tulilelewa kwamba kazi nzuri itajisemea na anayejisifu hana adabu. Malezi hayo yana uzuri wake, nami siyakani. Ila kwenye fomu ile hukuombwa ujisifu. Uliombwa ushahidi, na ulikuwa nao.

Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote ningependa uuandike usiku ule. Kurasa mbili, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote mnayotumia kazini. Uliona nini kwanza. Ulidhani ni nini, na ulikosea wapi kabla hujapatia. Kwa nini uliamua kuzima badala ya kusubiri. Ulijuaje ni 340 na si 339. Usiweke sifa hata moja, weka yaliyotokea. Kisha mpe mhandisi mmoja wa nje ya kampuni yako unayemheshimu, umuulize: "Mtu aliyefanya hivi ungemweka ngazi gani?" Ondoa majina na siri za wateja kwanza. Usiniulize mimi swali hilo, wala mume wako, sisi tutajibu kwa mapenzi. Akisema ni kazi ya kawaida, utakuwa umepata kipimo kutoka nje ya kichwa chako. Akisema vinginevyo, pia.

Hapo ndipo tuje kwenye dhamira na woga. Umeandika kama vile kimoja kikiwepo kingine ni cha uongo. Mimi sioni kwa nini visikae nyumba moja. Unaweza kuwa mwoga wa nafasi kubwa, na papo hapo kazi hii ikawa haikufai kwa sababu zisizohusiana na woga wako hata kidogo. Jaribu hivi. Fikiria barua hiyohiyo imetoka kwa kampuni inayojenga mfumo wa hospitali, cheo kilekile, milioni 4.2 ileile. Sikiliza moyo unasema nini kabla hujaupangia maneno. Ukiona umeshaanza kutafuta sababu, kwamba ofisi ni mbali, kwamba mambo ya hospitali hukuyasomea, basi woga upo na unahitaji mazungumzo yake peke yake, yasiyoihusu kampuni hii. Ukiona ungeanza kesho asubuhi, basi mumeo alikuuliza swali zuri ambalo jibu lake si lile uliloliogopa.

Na kuna mambo ambayo hisia haziyafikii kabisa. Ulipouliza mbona haipo Google Play ulikuwa umegusa penyewe. Tangu mwisho wa Mei 2023 Google imezuia programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha kwenye simu ya mkopaji. Sijui kama hiyo ndiyo sababu ya kampuni hii kutuma kiungo, nawe hujui. Waulize. Waulize pia leseni. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Waulize kama wamesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Mkopaji anaweza kubonyeza "nakubali". Lakini wewe, ambaye jina lako lilikuwa tu kwenye simu ya msusi, ulikubali lini, na nani alikuuliza? Haya yana jibu la ndiyo au hapana, na jibu halibadiliki kwa sababu wewe ni mwoga au jasiri. Ukiwa mwenye cheo kwenye mfumo huo, ni vizuri kuyajua kabla jina lako halijaingia kwenye mkataba.

Nikuombe lakini usiitupe biashara nzima ya mikopo ya simu kwenye jalala moja. Nilipokuwa benki niliwarudisha watu mlangoni kwa sababu hawakuwa na hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara, mama lishe, fundi, dereva wa bodaboda, watu wenye kipato cha kila siku na waaminifu. Kuwakopesha kwa simu ni jambo jema likifanywa vizuri. Tatizo uliloliona wewe liko kwenye kitu kimoja, kile kinachotokea mtu anapochelewa. Huenda yupo mkopeshaji mwenye leseni anayehitaji mtu wa aina yako hasa, mtu aliyewahi kukesha kwa ajili ya fedha za wengine. Umewahi kumtafuta? Au nafasi zote umesubiri zikutafute wewe? Nauliza tu, nikikumbuka Nairobi na ile timu.

Ushauri wa kaka yako hauna ubaya. Wapo waliobadilisha mambo wakiwa ndani. Ila wewe unaajiriwa kujenga sehemu ileile unayotaka kuibadilisha, na hilo linapunguza nafasi ya kugeuka. Ukitaka kuipima njia yake, ipime kabla ya kusaini. Waambie waziwazi: "Nitajenga vikumbusho vya kumfikia mkopaji mwenyewe, na njia ya kumpangia malipo upya. Ujumbe kwa watu wengine sitaujenga." Waulize pia kama yupo aliyewahi kukataa kazi fulani pale, na mambo yalimwendeaje. Hatari zipo. Wanaweza kuondoa nafasi siku hiyohiyo. Wanaweza pia kukubali kwa mdomo, na baada ya miezi mitatu ukaletewa kazi ileile kwa jina jingine, ukiwa umeshaaga ulikotoka. Omba iandikwe, na uangalie nyuso zao unapoomba.

Kubaki nako kuna gharama, nisikufiche. Desemba nyingine inakuja, na ukijaza fomu vilevile uchungu utakomaa, utaanza kumchukia kijana uliyemfundisha mwenyewe na kazi unayoipenda. Unaweza kwenda kwa bosi sasa hivi na zile kurasa mbili, usisubiri Desemba, umwombe akueleze kwa maandishi mhandisi mwandamizi kwenye kampuni yenu ni mtu wa namna gani na wewe umepungukiwa wapi. Akikataa kuzungumza utakuwa umejua, na kujua huko kunauma. Ofa uliyonayo unaweza kumtajia au kuiacha kapuni. Ukiitaja, uwe tayari kusikia "nenda". Na mwisho wa mwezi ni tarehe yao. Mtu anayekutaka kweli anaweza kukuongezea wiki mbili ukiomba kwa adabu, na jinsi watakavyokujibu ni taarifa nyingine kuhusu nyumba unayotaka kuhamia.

Fedha sizidharau. Tofauti ya milioni 1.9 kila mwezi ni ada ya mdogo wako na pumzi ya nyumba ya mwalimu na mhandisi. Ukiamua kwenda kwa sababu hiyo sitakuona umeuza kitu, mradi uwe umeuliza maswali yale na kuyasikia majibu. Ukiamua kubaki, kaa na mumeo mwangalie ada ya mwaka huu inatoka wapi, ili kukataa kwako kusije kukawa deni la mtoto wa watu aliyeko chuo.

Na huyo mumeo, je, anajua kilichotokea usiku ule? Ulimwambia kazi imechelewa kidogo. Kama hakuna aliyemweleza, basi alikuuliza kuhusu uwezo ambao hajawahi kuonyeshwa, sawa na bosi wako. Msomee yeye kwanza kurasa mbili hizo.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye nimemfikiria kuliko wote, naye ni msusi. Ulimpa mistari minne ukaendelea. Ulihama kwa aibu ambayo haikuwa yako wala yake. Yeye aliona tu kwamba, baada ya ujumbe ule, mteja wake wa siku zote hakurudi, na sijui ni wangapi wengine hawakurudi wiki hiyo. Nenda ukasuke kwake Jumamosi hii. Usimhoji, wala usimwambie kuhusu kazi. Mwambie kwamba ulipokea ule ujumbe, na kwamba unasikitika ulinyamaza. Kusuka kunachukua saa nyingi, atazungumza akitaka. Niandikie ukishatoka huko, nitakuwa nasubiri.

Shangazi yako